MASHINI MOJA, WACHEZAJI WENGI
Maelezo juu ya mchezo wa motokari zinazoonekana toka juu



Tangu mashini ya mchezo iliwekwa katika sale kubwa, maneno yamekuwa mengi. Wamoja wanaipenda kupita kiasi, wengine wanaomba iondolewe mara moja. Mwisho wa mwezi huu Komiti ya shule itaketi pamoja na Bwana Prefe ili kukata shauri: saa moja ya umeme siku ya posho jioni iendelee kuwa ya mchezo, ama ile saa irudishwe kwa taa za kujifunzia. Sisi wa komiti ya wanafunzi tumeombwa kueleza mchezo huu katika gazeti letu, kusudi kila mtu aseme juu ya kitu anachokijua. Walimu wengine hawajauona hata siku moja. Na sisi wafinalisti tuko na sababu yetu ya kuandika: taa zinazosemwa ni zetu, na Egzetati inakaribia.

1. MCHEZO WENYEWE NI NINI?

Mchezo tulio nao unaitwa Micro Machines V3. Ulitolewa mwaka 1997 na kampuni Codemasters ya Uingereza, kwa kuchezwa katika mashini PlayStation ya kampuni Sony ya Japani. Mchezo wote uko ndani ya disiki moja. Motokari zake ni ndogo sana, sawa zile za kuchezea watoto, na njia zake ni vitu vya nyumbani kama meza ya chakula. Kwa hiyo kijiko ni kama mti uliolala barabarani, na ukingo wa meza ni bonde: ukianguka, umeanguka kweli.

Jambo la kushika ni hili: mwenye kucheza haketi ndani ya motokari. Anaitazama toka juu, sawa vile mwewe anavyotazama vifaranga uwanjani. Anaiona yake, anaziona za wengine, anaona kona inayokuja na shimo lililo nyuma ya kona.

Tufananishe na mashindano ya kweli. Rali ya Safari ilianza mwaka 1953 na ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hata leo inafanyika katika Kenya, pande za Naivasha. Mtu aliyesimama kando ya njia anaona motokari moja inapita na vumbi lake, halafu anangoja ingine. Nani yuko mbele? Hajui mpaka atangaziwe. Lakini katika mchezo huu wote wako mbele ya macho ya wote. Hakuna anayehitaji kuuliza habari.

Tena tusidanganyane: mchezo huu tuliujua mbele ya kuona televizio. Nani kati yetu hakuchora njia katika mchanga kwa kidole, na kona zake na madaraja yake, akasukuma kapsuli ya chupa kwa ukucha? Tulijaza kapsuli udongo kusudi iwe nzito na isipinduke. Ukitoka nje ya njia, unarudi fasi ulipotoka. Tuliinama wote juu ya ile njia moja, tukaitazama toka juu. Wenye kutengeneza mashini walifanya kitu kile kile, ila kwa umeme.

2. ULITOKA WAPI?

Mwaka 1974 kampuni Atari ya Marekani ilitoa mashini iliyoitwa Gran Trak 10. Lilikuwa sanduku kubwa lenye kioo, usukani, gia na pedali. Njia yote ilionekana kwa mara moja katika kioo, na mtu mmoja alishindana na saa. Basi, mtu mmoja peke yake. Wengine walisimama nyuma wakingoja.

Mwaka uliofuata, 1975, ilitoka Indy 800 ya kampuni Kee Games, na hii ndiyo inatupendeza zaidi kueleza. Ilikuwa kama meza kubwa ya pembe nne, na kioo chenye rangi katikati yake. Kila upande walisimama watu wawili, kila mtu na usukani wake na pedali zake mbili. Hesabuni: pande nne, watu wawili wawili, jumla wachezaji 8 kwa kioo kimoja! Juu yake waliweka vioo vya kujitazamia, vimeinama kidogo, kusudi hata watu waliosimama mbali waweze kuona mashindano. Watengenezaji walijua kwamba anayetazama naye anahitaji furaha yake.

Mwaka 1976 ikaja Sprint 2, ya watu wawili. Mwaka 1986 ikaja Super Sprint, yenye sukani tatu mbele ya kioo kimoja. Katika hiyo, mchezaji anaokota funguo za fundi njiani, na kwazo anaifanya motokari yake iwe na mbio zaidi ama ishike njia vizuri zaidi. Mwaka 1989 ikaja Super Off Road, ya njia za udongo zenye vilima na mashimo. Sisi wa huku, wenye kujua njia ya Kabambare wakati wa mvua, hiyo tungeielewa bila mwalimu.

Michezo hiyo ilikuwa ya kulipia katika nyumba za michezo. Micro Machines ya kwanza, ya mwaka 1991, ilikuwa ya kuchezea nyumbani. Mwaka 1994, katika Micro Machines 2, Codemasters walifanya ujanja mzuri. Mashini ya Sega iliyoitwa Mega Drive ilikuwa na matundu mawili tu ya kuchomeka maneti. Wao wakaongeza matundu mengine mawili juu ya kaseti ya mchezo wenyewe. Hivyo watu wanne wakaweza kucheza bila kununua chombo kingine. Tena watu wawili waliweza kugawana maneti moja: mmoja anashika upande wa kushoto, mwingine upande wa kuume. Ndiyo njia tunayoitumia hapa, sababu tuko na maneti mbili tu, na wachezaji wanne wanaketi.

Halafu juu ya nini michezo hii iliachwa na watu wengi? Katika miaka ya 1990 mashini zilipata nguvu ya kuchora vizuri njia kama jicho linavyoiona toka ndani ya motokari. Kisha ikaja intaneti, na kila mtu akacheza nyumbani kwake, kwa kioo chake, na mtu asiyemwona. Kwa wenye vioo vingi haikuwa shida. Lakini hapa Wamaza kioo kiko kimoja. Mchezo ulioachwa na wenye mashini nyingi unatufaa sisi kuliko ule mpya.

3. UNACHEZWA NAMNA GANI?

Walimu wengi wanafikiri ni kubonyeza-bonyeza tu. Hapana. Iko na elimu yake, na tunaitaja kwa mambo matatu.

Kwanza, kushoto na kuume. Motokari ikienda kuelekea juu ya kioo, kuume kwake ni kuume kwako. Ikigeuka na kushuka kukujia, kuume kwake kumekuwa kushoto kwako! Hapo ndipo wapya wote wanagonga ukuta. Mkitaka kujua sababu, simamisheni wanafunzi wawili wakitazamana, muwaambie wote wanyoshe mkono wa kuume: mikono itaelekea pande mbalimbali. Mchezaji mzuri anajifunza kuacha mwili wake kwenye kiti na kuweka akili yake ndani ya motokari. Mwalimu wetu wa jiometria alipotazama mara moja alisema ni somo la mzunguko wa pembe, na wadogo wa darasa la 7 wanalifanya bila kujua jina lake.

Pili, mbio. Motokari ikiwa na mbio nyingi haikubali kona. Inaendelea mbele kidogo, inateleza, inatoka. Lazima kuachilia moto mbele ya kufika kwenye kona, wala usingoje kuwa ndani yake. Wenye pikipiki wanaobeba mizigo kwenda Kasongo wanajua neno hilo, na wale wasiolijua tunawaona wamefungwa bendeji.

Tatu, kukumbuka njia. Hii tutaieleza katika sehemu inayofuata, kwa sababu ndani yake iko siri ya mchezo.

4. FURAHA YAKE IKO WAPI?

Kioo ni kimoja na motokari ni nne. Zikiachana sana, kioo kitamfuata nani? Watengenezaji walisema: kitamfuata aliye mbele. Anayebaki nyuma mpaka anatoka kwenye kioo, ametoka kwa zamu ile. Wanaobaki wanaendelea, mpaka mmoja anabaki peke yake na kupata alama. Halafu, sikieni vizuri, wote wanne wanarudishwa fasi moja, bega kwa bega, na mashindano yanaanza tena.

Tazameni kazi ya kanuni hiyo. Katika mashindano ya kinga, mwenye kuachwa kilometa mbili anajua amekwisha shindwa; anasukuma tu sababu ya haya. Hapa hakuna anayeachwa mbali. Umeanguka mezani? Ngoja kidogo, utaanza tena sawa na wenzako. Wachezaji ndio wanaanguka, mchezo haufi.

Na aliye mbele je? Yeye naye ana mzigo wake. Kwa kuwa anaukaribia ukingo wa kioo, anaona njia kidogo kuliko wote. Kona inamtokea kwa gafula. Wa nyuma anaiona mapema, tena anamwona wa mbele akianguka, na anajifunza kwa kuanguka kwake. Kwa hiyo wa kwanza anahitaji kuikumbuka njia kwa kichwa, sawa mtu anayetembea usiku bila taa katika kijiji chake. Kumbe kuwa mbele ni kazi zaidi kuliko kufika mbele! Tunafikiri makapita wa madarasa wameelewa.

Kwa sababu ya kanuni hizi mbili, mkubwa na mdogo wanaweza kucheza pamoja, na mkubwa hana hakika ya kushinda. Wiki tatu zilizopita dada mmoja wa darasa la 8, ambaye hakuwahi kugusa mashini yoyote, aliketi pamoja na wafinalisti watatu. Zamu tatu za kwanza alianguka mezani. Kisha akagundua kwamba wale kaka wanasukumana kwa kiburi kila wakifika penye kona, na yeye akaanza kupunguza mbio na kungoja nyuma yao. Walianguka wote watatu pamoja, naye akapita polepole, peke yake. Sale nzima ilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Furaha ingine ni ya watazamaji. Kwa kuwa kila kitu kinaonekana, mtazamaji naye anacheza kwa mdomo: «Geuka! Geuka! Kuume! Hapana, kuume ya motokari!» Anayeshindwa hana fasi ya kujificha, kwa sababu aliyemsukuma ameketi karibu naye na anacheka. Tumeona wawili waliokuwa hawasalimiani tangu robo ya kwanza wakigawana maneti moja. Hatusemi wamepatana. Tunasema walicheka pamoja, ni kitu.

5. MABAYA YAKE

Tukisifu tu, tutakuwa kama mwenye butiki. Iko na mabaya, na tunayataja.

La kwanza ni feza. Pale centre kuna nyumba za kuchezea ambapo unalipa kila mara unapocheza. Wanafunzi wamoja wamepeleka huko feza ya minervali waliyopewa na wazazi, kidogo kidogo, mpaka siku ya kufukuzwa darasani. Mzazi aliyeuza mchele wake wa mwaka hakuuza kwa ajili hiyo. Hapa shuleni mchezo haulipwi, na ni neno moja tunalolishika sana: siku utakapoanza kulipwa, sisi wenyewe tutaomba uondolewe.

La pili ni wavulana wenye kuketi na kukataa kutoka. Wakati wa wiki za kwanza viti vyote vinne vilikuwa vyao. Dada zetu walisimama mlangoni. Hilo lilitengenezwa kwa orodha ya majina, na lisipoangaliwa litarudi.

La tatu, watu wengine wanasema: hii ni kitu cha wageni, inatuhusu nini? Hapo tunajibu kidogo. Ndani ya vyombo vya namna hii mko bati la kuunganisha nyuzi, mko dhahabu kidogo sana kwenye viunganishi, na katika vingi mko madini ya tantali yanayotoka katika koltani. Bati na koltani vinachimbwa katika Maniema yetu, pande za Kalima na Punia. Dhahabu inachimbwa Namoya, katika teritware ya Kabambare. Mwaka 2000, wakati viwanda vya simu na mashini vilipotaka koltani nyingi, bei yake ilipanda sana, na mwaka uliofuata ikaanguka. Wazazi wetu wanakumbuka vita vya miaka ile na watu waliochimba wakiwa wamesimamiwa na bunduki. Kwa hiyo mashini si ngeni kwetu kama tunavyofikiri. Kinachotupungukia ni kuigusa ikiwa imekwisha tengenezwa.

Na hilo si neno dogo. Somo la informatiki tunafundishwa kwa ubao mweusi: mwalimu anachora klavie kwa chaki, nasi tunabonyeza juu ya daftari. Mwalimu hana kosa, ordinateri hakuna. Kwa wadogo wengi wa darasa la 7, ile maneti ndiyo kitu cha kwanza cha elektroniki kilichotii mkono wao. Mchezo haufundishi informatiki, tusiseme uongo. Lakini unaondoa woga.

6. HESABU YA UMEME

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, maana shauri la Komiti ni la umeme.

Televizio na mashini kwa pamoja vinakula karibu wati 60. Taa zetu za kujifunzia ni 6, kila moja wati 5, jumla wati 30. Kwa hiyo saa moja ya mchezo usiku inakula umeme wa saa mbili za taa zote. Wafinalisti tuko 31, tunaketi watano-watano ama sita kwa taa moja. Wanaosema mchezo unatunyima masomo hawasemi uongo: ikiwa batri ni ile ile na usiku ni ule ule, saa moja ya furaha inatoka katika saa mbili za Egzetati.

Upande mwingine wa hesabu: zamu moja inachukua karibu dakika 4. Katika saa moja kuna zamu 15, na kila zamu watu wanne: viti 60. Mchezo wa mtu mmoja ungekula umeme ule ule kwa mtu mmoja. Wakitaka tuchague mchezo, huu ndio wenye kugawanya wati vizuri.

Lakini tumeuliza pia yule anayechunga vibao vya jua, akatuonyesha kitu ambacho wengi hatukukifikiri. Siku ya jua kali, batri inajaa kabla ya saa saba mchana. Ikishajaa, regilateri inakata, na jua la alasiri linapiga vibao bure mpaka jioni. Ule umeme hauwekwi fasi yoyote; unapotea. Mtu akiutumia wakati ule wa mchana, batri inabaki imejaa na taa za usiku hazipungui hata dakika moja.

7. SHAURI LETU

Kwa hiyo sisi wa komiti ya wanafunzi, tukiwa na wafinalisti ndani yetu, tunaleta mbele ya Komiti ya shule mambo haya matano:

a) Mchezo uondolewe siku ya posho jioni, na saa ile irudi kwa taa.
b) Mchezo uwekwe siku ya posho saa saba mpaka saa nane mchana, nyuma ya salongo.
c) Regilateri isipoonyesha kwamba batri imejaa, hakuna mchezo siku ile. Siku za mvua hakuna kuomba wala kunung'unika.
d) Orodha ya majina ifuate madarasa, dada na kaka kwa hesabu sawa, na wadogo waketi mbele ya wakubwa. Anayetoka kwenye kiti asirudi mpaka orodha iishe.
e) Hakuna feza, hata franka moja, wala kuweka dau.

Mwenye neno lingine alilete kwa kuandika, karatasi iwekwe katika sanduku la gazeti mbele ya siku ya ine ijayo. Tutayasoma yote mbele ya Komiti, hata yale yanayotupinga. Na mwalimu asiyeujua mchezo, tunamwomba aje siku ya posho mara moja, aketi, ashike upande wa kuume wa maneti. Tutampa mdogo wa darasa la 7 amfundishe.

Kwa niaba ya komiti ya wanafunzi,
Kapita mkuu, mfinalisti, Pedagojia